Pete ya Fedha Yenye Dhahabu: Je, Mwanamume Aivae?

Ndugu Waislamu, Ijumaa ya leo tumekusudia kuzungumzia jambo ambalo kwa macho ni dogo, kwani halizidi upana wa kidole, lakini limekwisha kuzua manung'uniko katika nyumba zaidi ya moja: pete ya kiume.

Swali lenyewe lilitufikia hivi. Kijana anakaribia kufunga ndoa. Upande wa bibi harusi, kwa mapenzi na kwa kutaka kumuenzi mkwe wao, wamemtengenezea pete nzito ya fedha. Usoni mwake imechongwa ngao, ndani ya ngao yumo simba aliyesimama kwa miguu ya nyuma, na ngao yote imezungushiwa ukingo wa dhahabu. Simba naye amechovywa dhahabu. Baba wa kijana alipoiona alisema haivaliwi. Mama wa binti akajibu kuwa dhahabu yenyewe ni kidogo mno na pete ni ya fedha. Shangazi wakaingia kati, maneno yakaongezeka, na siku ya harusi haingojei. Kila upande unasema una dini.

Kwanza tuitambue pete yenyewe, maana wengi huivaa bila kujua ilikotoka. Asili yake ni Ulaya. Tangu karne ya 12 mashujaa wa huko walikuwa wakipigana wamefunikwa chuma mwili mzima hata uso hauonekani, wakaanza kupaka alama kwenye ngao zao ili wenzao wawatambue: simba, tai, msalaba, mistari ya rangi. Baadaye alama hizo zikawa za kurithiwa, baba akimwachia mwana. Mwenye nembo aliichonga kinyumenyume kwenye uso wa pete, akaigandamiza katika nta ya moto juu ya barua, nayo nta ikatoa sura ya nembo yake. Pete ilikuwa saini. Mwaka 1484 Mfalme Richard III wa Uingereza aliwapa hati rasmi wasimamizi wa nembo hizo, na chuo chao, College of Arms, kingali kipo London. Wao wenyewe hueleza kuwa nembo hupewa mtu fulani na kizazi chake. Hakuna nembo ya kila mwenye jina fulani la ukoo. Kwa hiyo pete nyingi za namna hii zinazouzwa madukani hazina ukoo wowote nyuma yake. Ni nakshi tu, na anayejigamba kwa ngao hiyo anajigamba kwa babu wa mtu mwingine, au kwa babu asiyekuwapo kabisa.

Waislamu nao hawakuwa wageni wa jambo hili. Watawala wa Kimamluk wa Misri na Shamu walikuwa na nembo zao, na maamiri walitambulishwa kwa alama ya kazi waliyoifanya katika jumba la sultani: mnyweshaji alikuwa na kikombe, mbeba silaha upanga, mwandishi kidau na kalamu. Sultani Baybars, aliyetawala kuanzia mwaka 1260 hadi 1277, alitumia mnyama wa jamii ya simba au chui, na sura yake ingali inaonekana juu ya daraja alilolijenga karibu na mji wa Ludd, Palestina, mwaka 1273. Tunalitaja hili ili asije mtu akasema kila nembo ni ya makafiri. Lakini pia asije mwingine akalifanya kuwa dalili ya kisheria, kwani vitendo vya masultani si hoja katika dini. Katika mji wa Damascus, zama hizo hizo za Baybars, aliishi Imamu Nawawi, ambaye hakuogopa kumwandikia sultani huyo barua za kuwatetea wananchi. Wote wawili walifariki katika mwaka mmoja wa Hijria, 676. Kuhusu pete tutamsikiliza Imamu, si Sultani.

Ama pete iliyo muhimu kuliko zote kwa Muislamu, hiyo ilikuwa ya fedha, nayo pia ilikuwa muhuri. Baada ya mkataba wa Hudaibiya mwaka wa 6 Hijria, Mtume (S.A.W.) alikusudia kuwaandikia wafalme kuwalingania Uislamu. Akaambiwa kuwa Warumi hawasomi barua isiyopigwa muhuri. Hapo ndipo alipotengenezewa pete ya fedha iliyochongwa maneno matatu kwa mistari mitatu: Muhammad mstari mmoja, Rasul mstari mmoja, na jina la Allah mstari mmoja. Anas bin Malik (R.A.) ndiye aliyetupokelea habari hizo, naye alisema ni kana kwamba anauona weupe wake katika mkono wa Mtume. Akawakataza watu wengine wasichonge maneno hayo katika pete zao, kwa sababu iliyo wazi: muhuri wa dola hauigwi.

Hapa tuseme neno moja pembeni. Siku hizi zinauzwa pete, mikufu na hata vibandiko vya magari vyenye picha ya muhuri huo, na jina la Allah limewekwa juu, likisomwa kutoka chini kwenda juu. Ibn Hajar al-Asqalani, aliyeishi kuisherehesha Bukhari, alisema hakuona Hadithi yoyote inayoeleza wazi kuwa mistari ilipangwa hivyo. Na kwa kuwa katazo la kuiga maandishi yale limethibiti, sisi tunaona kuwa mwenye kuichonga katika pete yake leo kwa kutafuta baraka angetafuta baraka hiyo mahali pengine.

Pete ile ya Mtume ilivaliwa baada yake na Abubakar, kisha Umar, kisha Uthman (R.A.). Katika ukhalifa wa Uthman ikaanguka ndani ya kisima cha Aris, karibu na Quba. Walitafuta siku tatu, wakayachota maji ya kisima, wasiione. Ikatengenezwa nyingine. Haijulikani kuwa yeyote aliizika pete hiyo, aliisafiria au aliiwekea mahali pa kuzuriwa. Ilipotea, na kazi za dola zikaendelea.

Sasa tuje kwenye dhahabu, ambako ndiko ugomvi uliko. Bukhari na Muslim wamepokea kutoka kwa Ibn Umar (R.A.) kwamba Mtume mwenyewe hapo mwanzo aliwahi kuvaa pete ya dhahabu, akaligeuza jicho lake upande wa kiganja, na watu nao wakatengeneza za kwao. Kisha akapanda mimbari, akaivua na kuitupa, akaapa kuwa hataivaa tena kamwe. Watu wakatupa zao. Katika Hadithi nyingine, ya Ibn Abbas (R.A.) aliyoipokea Muslim, Mtume alimwona mtu amevaa pete ya dhahabu, akaivua kidoleni mwake na kuitupa, akilifananisha jambo hilo na mtu anayelikusudia kaa la moto akalitia mkononi mwake. Alipoondoka, watu wakamwambia yule bwana aiokote pete yake akanufaike nayo. Akakataa, akaapa kwamba hakiokoti kitu ambacho Mtume wa Allah amekitupa.

Itazame vizuri Hadithi hii. Wale waliomwambia aiokote hawakukosea kisheria, kwani dhahabu ni mali, na mwanamume anaruhusiwa kuimiliki, kuiuza na kumpa mke au binti yake. Kilichokatazwa ni kuivaa. Na Ali (R.A.) amepokea kwamba Mtume alichukua hariri kwa mkono mmoja na dhahabu kwa mwingine, akasema kuwa viwili hivyo ni haramu kwa wanaume wa umma wake. Wanazuoni wa madhehebu manne wote wameishikilia hukumu hiyo.

Mama wa binti atasema: hiyo ni pete ya dhahabu, yetu ni ya fedha. Hoja yake si ya kudharauliwa, na wanazuoni walishaijadili karne nyingi kabla yake. Katika sherehe yake ya Sahihi Muslim, Imamu Nawawi anasema kuwa pete ambayo sehemu yake ni dhahabu na sehemu ni fedha ni haramu kwa mwanamume. Akaongeza kuwa wanazuoni wa Kishafii wameharamisha hata ile ambayo vile vijino vya kushikia jicho la pete ndivyo pekee vya dhahabu, au iliyochovywa dhahabu kidogo. Waislamu wengi wa pwani yetu, kuanzia Lamu, Mombasa, Tanga, Unguja na Pemba hadi Kilwa, wanafuata madhehebu hayo. Kwa hiyo baba wa kijana hakutoa ukali kichwani mwake. Amesema yale aliyosomeshwa chuoni.

Hata hivyo, si haki kuwaficha wasomaji kwamba wapo waliolegeza. Katika kitabu cha Hidaya cha Kihanafi imeelezwa kuwa si vibaya msumari wa dhahabu ukitiwa katika tundu la jicho la pete ili kulishikilia. Na Ibn Taymiyya, katika Mahanbali, aliruhusu dhahabu kidogo inayofuata kitu kingine, kama ile ya katika nguo, kwa kutegemea Hadithi ya Muawiya inayokataza dhahabu isipokuwa vipande vilivyokatwakatwa. Lakini uangalie msumari huo ni upi: haujionyeshi, unafanya kazi ya kushika. Ukingo wa ngao na simba wa dhahabu kazi yake ni moja tu, nayo ni kuonekana. Kuupitisha mlango wa msumari ni kuutanua mlango.

Jambo la kiwango cha dhahabu nalo lina utata wake kwa sababu ya ufundi wa leo. Zamani sonara aliyetaka kuchanganya aliunga bamba la dhahabu juu ya fedha kwa moto. Siku hizi dhahabu nyingi huwekwa kwa umeme ndani ya maji yenye dawa, na unene wake ni maikroni mbili na nusu hivi, yaani sehemu mbili na nusu za elfu moja ya milimita. Pete nzima ikichovywa kwa unene huo, dhahabu yake haifiki hata sehemu ya kumi ya gramu. Mtu anaweza kuuliza: kwa kitu kidogo namna hiyo dini itajali? Jibu la Nawawi tumelitaja. Nasi tungeligeuza swali: ikiwa ni kidogo namna hiyo, kwa nini kijana ashindwe kuiacha?

Na msidanganywe na rangi. Ile inayoitwa dhahabu nyeupe si fedha wala si platinamu. Ni dhahabu ile ile iliyochanganywa na madini meupe kama paladiamu au nikeli. Karati 18 maana yake ni sehemu 18 za dhahabu kati ya 24, yaani asilimia 75, iwe ya njano, nyekundu au nyeupe. Tumewaona wanaume wacha Mungu wakiivaa kwa nia njema kwa kuwa muuzaji hakuwaambia. Pete ya fedha huwa imepigwa chapa ya 925, maana yake sehemu 925 katika 1,000 ni fedha halisi na zilizobaki kwa kawaida ni shaba. Ukiona 750 au 375, hiyo ni dhahabu hata ikiwa nyeupe kama maziwa. Platinamu yenyewe si dhahabu, na haikuingia katika katazo.

Wapo pia wanaosema pete ya harusi ni sunna kwa bwana harusi, kwa kuwa Mtume alimwambia Sahaba aliyetaka kuoa atafute japo pete ya chuma. Hadithi ni sahihi ila imepinduliwa. Pete ile ilikuwa mahari ya mwanamke. Bwana yule hakuwa na kitu isipokuwa shuka aliyojifunga, na pete hata ya chuma hakuipata, akaozeshwa kwa Qur'ani aliyoihifadhi. Katika nguzo za ndoa hakuna pete ya mume. Akipewa, ni zawadi, na zawadi ina adabu zake.

Basi wafanyeje wale wakwe? Umar (R.A.) aliletewa na Mtume kanzu ya hariri, akashangaa kwa kuwa alikwisha kusikia katazo. Mtume akamfahamisha kuwa hakumpa ili aivae. Umar akampelekea ndugu yake aliyekuwa Makka. Kuipokea zawadi na kuivaa ni mambo mawili tofauti. Kijana aipokee kwa mikono miwili, awashukuru wakwe zake, wala asiseme mbele ya watu neno la kumtahayarisha mama mkwe. Kisha, kwa kukubaliana nao, aende kwa sonara akaubandue ukingo wa dhahabu, umwendee bibi harusi kwa hereni au kipini, na mahali pake pawekwe fedha tupu. Gharama ni ya kazi ya mchana mmoja.

Simba naye ana shauri lake. Kuchonga sura ya kiumbe chenye roho kumekatazwa katika Hadithi sahihi, na Mashafii wamelikazia jambo hilo; afadhali uso wa pete usuguliwe uwe mtupu, au uchongwe jina la mwenyewe au maua. Msalaba ndio wa kuangalia zaidi, kwani ngao nyingi za Ulaya zimegawanywa kwa msalaba na mnunuzi huuona kama mistari tu. Bibi Aisha (R.A.) ameeleza kuwa Mtume hakuacha nyumbani mwake kitu chenye misalaba ila aliivunja.

Mafundi wetu wana mapambo yasiyohitaji ngao ya mtu. Lamu wapo masonara wanaotia katika pete za fedha vipande vya sahani za kale za Kichina, na kila kipande kina ua au mchoro wake wa buluu. Katika Oman na Zanzibar fedha nyingi za mapambo zilipatikana kwa kuyeyusha riale za Maria Theresa, zile zilizoandikwa mwaka 1780, ambazo moja ilikuwa na uzito wa gramu 28. Jicho la akiki katika fedha halihitaji maelezo kwa mtu wa pwani. Anas (R.A.) amepokea pia kwamba Mtume alikuwa na pete ya fedha yenye jicho la Kihabeshi.

Kuhusu uzito, Mahanafi hawapendi pete ya mwanamume ifike mithqali moja, ambayo ni kama gramu nne na robo. Mamaliki wameweka dirhamu mbili, kama gramu sita. Mashafii wamerejea katika desturi ya watu wa mahali, mradi usiwe ubadhirifu. Pete za ngao huweza kufika gramu 20 na zaidi. Kidole nacho: mahali pake ni kidole cha mwisho, mkono wa kulia au wa kushoto, yote yamepokewa, ama kidole cha kati na cha shahada, Ali (R.A.) amesimulia kuwa alikatazwa kuvivisha. Ajabu ni kwamba vijana huzivaa pete hizi kubwa katika vidole hivyo hivyo viwili. Na iliyobana isogezwe wakati wa kutawadha hadi maji yafike chini yake, la sivyo udhu haukutimia. Yenye jina la Allah ivuliwe kabla ya kuingia msalani.

Limebaki suala la kuuza, nalo ndilo watu hulipita bila kulitazama. Katika Sahihi Muslim, Fadhala bin Ubaid (R.A.) anasimulia kuwa siku ya Khaibar alinunua kidani chenye dhahabu na shanga kwa dinari 12. Alipokitenganisha akakuta dhahabu iliyomo inazidi dinari hizo. Mtume akakataza kisiuzwe hivyo mpaka kitenganishwe. Pete ya fedha yenye dhahabu inaingia hapa moja kwa moja. Ukiipeleka dukani kubadilishana na kidani cha dhahabu cha mkeo bila kutenganisha na kupima, mmekwisha kuingia katika riba bila ninyi kujua. Iuzeni kwa shilingi, pokeeni fedha taslimu hapo hapo, kisha mnunue mnachotaka.

Vivyo hivyo katika Zaka. Kwa Mashafii, pambo halali linalovaliwa halitolewi Zaka, lakini dhahabu anayoivaa mwanamume haihesabiwi kuwa pambo halali. Inajumlishwa na dhahabu yake nyingine, na ikifika nisabu ya gramu 85, na mwaka ukapita, inatolewa. Nisabu ya fedha ni gramu 595.

Na baba akifariki akaacha pete ya namna hii, si ya mwana mkubwa kwa kuwa kidole chake kinatosha. Ni mirathi kama mali nyingine: ipimwe, ithaminiwe, iingizwe katika hesabu pamoja na nyumba na shamba, na kila mrithi apate fungu lake. Akitaka mmoja kuichukua kwa kumbukumbu, awafidie wenzake. Mabinti ndio wanaoweza kuivaa ikiwa na dhahabu yake.

Wallahu a'lam.